Je, Wajua? Faida Inayopotelea Njiani, Stoo na Kwenye Foleni

Je, wajua kwamba katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi zinazouzwa ni kilo 4 hivi tu?

Kinachobaki ni maji na tope la kijani lenye harufu kali, ambalo kwa miaka mingi liliachwa litiririke mabondeni na mitoni. Mkonge wenyewe uliingia Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ndefu iliiua karibu yote; iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani.

Ukitembelea shamba la mkonge, usitazame mistari ya mimea peke yake. Tazama jinsi kila kitu kinavyoifuata korona, ile mashine inayoparua jani na kuacha singa, yaani nyuzi. Jani likishakatwa halina subira. Likianza kukauka, nyama yake hung'ang'ania singa na korona haiwezi tena kuisafisha vizuri. Kwa hiyo wakataji, wafungaji wa matita, matrekta na zile reli nyembamba zilizokuwa zikikatiza mashambani, vyote vilikwenda kwa mwendo wa mashine moja. Wakataji wakizidisha, majani yananyauka yakisubiri zamu yake. Wakipunguza, korona inazunguka tupu huku ikila nishati na maji.

Kulinganisha mwendo huo ndiyo kazi ya usimamizi wa uendeshaji. Mhasibu anahesabu fedha iliyoingia, mtu wa masoko anatafuta wateja. Msimamizi wa uendeshaji anashughulika na yote yaliyo katikati: malighafi ije lini, mashine iende kwa kasi gani, mzigo ulale wapi, mteja asubiri muda gani. Ni fani isiyoimbwa, na ndiyo maana nimeikusanyia mambo haya. Nina imani kwamba sehemu kubwa ya uharibifu tunaousingizia tamaa ya wafanyabiashara hutokana na kazi isiyopangwa, na kwamba anayeipanga vizuri huokoa fedha na mazingira kwa mkono mmoja.

Tope la mkonge linathibitisha hilo. Likiachwa lioze dimbwini hutoa methani, gesi inayopasha anga joto kwa nguvu kubwa kuliko hewa ukaa. Likifungiwa kwenye tangi lisiloingiza hewa, methani ile ile inaendesha jenereta. Huko Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa majaribio wa namna hiyo ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na tope likaanza kutoa umeme. Mabaki ya tangi nayo yanafaa kuwa mbolea. Jani halikubadilika wala korona haikubadilika. Kilichobadilika ni uamuzi wa mahali bomba la uchafu linapoishia.

Je, wajua kwamba chai huanza kuharibika, au kusalimika, ndani ya gunia?

Majani mawili na chipukizi yakishachumwa huendelea kupumua. Yakishindiliwa hupata joto na kuanza kugeuka mekundu kabla hayajafika mashineni, na mwonjaji wa chai kwenye mnada wa Mombasa atalijua hilo kwa funda moja. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na wakala wa maendeleo ya chai, KTDA, nchini Kenya ni zaidi ya 600,000. Hebu fikiria watu wote hao, kila mmoja na kikapu chake, na saa chache tu za kuyafikisha majani kiwandani.

Ugumu wa chai, kwa hiyo, uko barabarani zaidi kuliko mashineni. Mkulima wa Kericho, Murang'a au Nyamira anachuma kuanzia asubuhi, anabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, karani anapima na kuandika, kisha mifuko yenye matundu inatundikwa kwenye lori ili hewa ipite kati yake. Lori lazima liingie kiwandani siku hiyo hiyo. Kilo moja ya chai kavu inataka kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi, kwa hiyo lori likinasa kwenye matope ya masika hasara inajizidisha: mbolea imeshatumika, vibarua wameshalipwa, mafuta yameshachomwa, na kinachofika ni majani ya daraja la chini. Wanasiasa huihesabu barabara ya kijijini kuwa zawadi kwa wapiga kura. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya kiwanda, sawa na vikaushio.

Vikaushio vyenyewe vina njaa ya kuni. Ndiyo sababu viwanda vingi vya chai hupanda mikaratusi yao, na vingine vimegeukia mito inayopita jirani. Kiwanda cha Imenti, kaunti ya Meru, kilijenga mtambo mdogo wa umeme wa maji, kikajitosheleza na kuuza ziada kwenye gridi ya taifa.

Je, wajua kwamba Henry Ford alikuwa pia muuza mkaa?

Ford anakumbukwa kwa mstari wa kuunganisha magari ulioanza kusogea Highland Park, Michigan, mwaka 1913, na kushusha muda wa kuunganisha chasisi moja kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na dakika 33. Lakini magari ya enzi hizo yalikuwa na mbao nyingi ndani yake, na vipande vilivyobaki vilijaa viwanja vya kampuni. Katika miaka ya 1920 alijenga kiwanda Iron Mountain, huko huko Michigan, cha kugeuza masalia hayo kuwa mkaa wa vitofali, ukauzwa kwa wateja wa magari yake. Mkaa huo upo sokoni Marekani hadi leo kwa jina la Kingsford.

Huko Kalundborg, mji mdogo wa bandari nchini Denmark, viwanda vimefika mbali zaidi. Tangu mwaka 1972, kiwanda kimoja baada ya kingine kimekuwa kikinunua takataka za jirani yake. Mvuke wa kituo cha umeme ulikwenda kwa watengenezaji wa dawa na kupasha joto nyumba za mji. Jasi iliyopatikana katika kusafisha moshi wa kituo hicho ilikwenda kutengenezwa mbao za jasi za kujengea. Hamira iliyokwisha kazi kiwandani ikawa chakula cha nguruwe. Hakuna serikali iliyoamuru, wala mpango huo haukuanza kama mradi wa mazingira. Kila mkataba ulisainiwa kwa sababu ulilipa.

Vyombo vya usafiri navyo vina upotevu wake, kurudi vitupu, na wenye majahazi walilijua tatizo hilo karne nyingi kabla ya malori.

Jahazi lililotoka Sur, Kuwait au Basra liliteremka na kaskazi likiwa na tende, chumvi na mazulia. Kurudi, lilingoja kusi. Nahodha aliyechelewesha shughuli zake hadi upepo ukamwacha alikaa pwani miezi mingi akilisha mabaharia bila kazi, kwa hiyo mzigo wa kurudi ulipaswa kuwa umekatwa, umehesabiwa na kurundikwa ufukweni kabla pepo hazijageuka. Mzigo huo mara nyingi ulikuwa boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, kwa sababu nchi za Ghuba hazikuwa na miti ya kuezekea. Ukiingia katika nyumba ya kale ya Lamu au ya mji mkongwe wa Ghuba, utakuta vyumba virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mbali kupita mita 3. Boriti ndiyo iliyoupima. Biashara hiyo ilikuwa na ufanisi mkubwa wa usafiri, lakini mikoko ililipa gharama yake, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi.

Kontena lilikuja kubadilisha hesabu zote za bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58, wazo la Malcom McLean, mtu aliyeanza maisha kwa kuendesha lori. Kupakia mzigo wa kawaida kwa mikono ya makuli kuligharimu dola 5.86 kwa tani wakati huo. Kwa kontena, gharama ilishuka hadi senti 16 hivi. Kontena lenyewe ni sanduku la chuma, halina maajabu. Maajabu ni kwamba kreni, lori, behewa na meli vyote vilikubali kipimo kimoja.

Hata hivyo, tatizo la manahodha wa kusi halijatuacha. Kenya na Tanzania huagiza bidhaa nyingi kuliko zinazouza nje kwa makontena, hivyo sehemu kubwa ya makontena yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hurudi melini matupu. Kontena tupu nalo lina foleni yake, dereva wake, dizeli yake na ada yake ya kreni. Anayetaka kupunguza moshi kwenye barabara ya Mombasa au ya Morogoro angeanza na swali hili: malori mangapi leo yanasafirisha hewa?

Kampuni ya vifurushi ya UPS, Marekani, huwapangia madereva wake njia zinazoepuka kukata kushoto.

Kwa kuwa Marekani magari hupita kulia, anayekata kushoto lazima akatize mbele ya magari yanayomjia: anasubiri, injini inaunguruma, hatari ya ajali inaongezeka. Njia inaweza kuwa ndefu kidogo na bado ikala mafuta kidogo. Kwa dereva wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kanuni inageuka, kona ya kuepukwa ni ya kulia. Akivuka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo, inarudi kama ilivyo Marekani.

Je, wajua kwamba mhudumu asiyepata hata dakika moja ya kupumua ndiye anayezaa foleni ndefu?

Ni jambo linalokataa kuingia akilini kwa mabosi wengi. Hesabu za foleni zilianzishwa na Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na kuchapisha andiko lake la kwanza juu ya jambo hilo mwaka 1909. Alitaka kujua laini ngapi zinatosha ili wapigaji wasisubiri mno. Jibu lililotokana na hesabu za namna yake ni hili: wateja hawaji kwa mpangilio, huja kwa mafungu. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 70 ya muda wake, fungu likija analimeza. Akifikia asilimia 95, kila fungu linaacha mkia, na mkia ule haujaisha lingine limefika. Kujaza ratiba ya daktari, ya mashine au ya gati la bandari hadi pomoni huonekana kuwa ni kubana matumizi. Kinachobanwa kwa kweli ni mteja.

Mwaka 1961 John Little, Mmarekani, alithibitisha kanuni ambayo unaweza kuitumia leo hii ukiwa umesimama dirisha la dawa. Hesabu watu walio mbele yako. Tazama wanahudumiwa wangapi kwa saa. Wakiwa 30 na dirisha linahudumia 20 kwa saa, utasubiri saa moja na nusu. Kanuni hiyo haijali kama wanaosubiri ni wagonjwa, magari au mashati kwa fundi.

Au malori. Kwa miaka mingi lori la kwenda Uganda lilikaguliwa upande wa Kenya, likasogea mita chache, likakaguliwa tena upande wa pili kwa makaratasi yale yale. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama cha Busia kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, vimeiweka kazi hiyo chini ya paa moja: lori linasimama mara moja tu, katika nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo. Hakuna lori jipya lililonunuliwa. Kituo kimoja kiliondolewa, na muda wa kuvuka ukapungua. Hapo ndipo fani hii inaponivutia kuliko popote.

Je, wajua kwamba mauzo yakiongezeka mara nne, oda inayofaa huongezeka mara mbili tu?

Aliyegundua hilo, Ford Harris, alikuwa mhandisi wa Marekani asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1913 alichapisha jaridani fomula ya kukokotoa kiasi bora cha kuagiza au kutengeneza kwa mara moja. Ukiagiza kidogo kidogo, nauli na usumbufu vinakumaliza. Ukiagiza nyingi, fedha inalala stoo, bidhaa zinachakaa, panya na wezi wanapata nafasi. Kati ya hayo mawili kuna kiasi ambacho gharama yake yote ni ndogo kuliko nyingine, na kinakua kwa kipeuo cha pili cha mauzo.

Wakala wa fedha za simu anaishi ndani ya fomula hiyo kila siku. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya Machi 2007, ilizaliwa pamoja nayo kazi ngumu ya kulinganisha stoo mbili: noti zilizo kwenye droo na floti iliyo kwenye simu. Wateja wakija kutoa, noti zinakwisha na floti inajaa. Wakija kuweka, mambo yanageuka. Mwisho wa mwezi, kijiji kilicho mbali na benki kinaweza kumaliza noti za wakala kabla ya saa sita mchana. Aende mjini mara ngapi kwa wiki, na abebe kiasi gani bila kuhatarisha maisha yake njiani? Mawakala wazuri hawajasoma andiko la Harris, lakini wanajua siku za gulio, siku za mishahara, siku za ada za shule, na wanajipanga kabla yake.

Je, wajua kwamba Toyota ilitokana na kitambaa?

Sakichi Toyoda, mtoto wa fundi seremala wa Japani, alitengeneza mashine ya kufumia ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe. Kabla ya hapo mashine iliendelea kufuma ovyo, na kila moja ilihitaji mtu wa kuikodolea macho. Mashine yake mashuhuri ya mwaka 1924 ilikuwa bora kiasi kwamba mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, nchi iliyoufundisha ulimwengu ufumaji wa viwandani, ilinunua haki ya kuitengeneza. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeingiza familia katika magari, na wazo la kusimama palipo na kasoro likahamia kwenye mstari wa magari: mfanyakazi wa kawaida akiona tatizo huvuta kamba kuita msaada, na lisipotatuliwa kwa wakati, mstari unasimama. Kwetu, kibarua anayesimamisha mashine huwa anatafuta barua ya kufukuzwa. Huko anashukuriwa, kwa kuwa kasoro iliyokamatwa mapema haifunikwi na vifaa vingine vinavyofungwa juu yake.

Mhandisi wao Taiichi Ohno aliongeza jambo alilojifunza kwa kufikiria duka la kujihudumia la Kimarekani: rafu hujazwa kile tu ambacho mteja amekichukua. Akafanya kila kituo cha kiwanda kuwa mteja wa kituo kilichotangulia, na kadi ndogo zikawa oda. Aliorodhesha aina saba za upotevu, na aliyoiona kuwa mbaya kupita zote ilikuwa kuzalisha kupita kiasi, kwa sababu inaficha na kuzaa nyingine zote. Kila kilichozalishwa bila mteja kimeshakula chuma, umeme, maji na jasho.

Mawazo hayo yamefika wodini. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia utaratibu wa Kijapani wa hatua tano, ikisaidiwa na shirika la maendeleo la Japani, JICA, na hatua zenyewe zikapewa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Anza na stoo ya dawa kuelewa thamani yake. Visivyohitajika vinatolewa. Kila dawa inapata rafu yake na lebo inayosomeka kutoka mlangoni. Inayokaribia kuisha muda inakaa mbele, iliyoingia leo inakaa nyuma. Muuguzi wa zamu ya usiku hatafuti, ananyoosha mkono. Na boksi la dawa haligunduliwi nyuma ya kabati likiwa limeshapita tarehe, jambo ambalo ni fedha ya mlipakodi, na pia ni sumu inayopaswa kuteketezwa.

Lakini kukaa bila akiba kuna hatari yake, na ningekuwa siwatendei haki wasomaji nikiificha. Machi 23, 2021, meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika Mfereji wa Suez na kuuziba kwa siku sita. Viwanda vilivyozoea kupokea vipuri siku ile ile ya kuvitumia vilijikuta mikono mitupu. Toyota yenyewe ilikuwa imeshaonja machungu hayo katika tetemeko la ardhi la Machi 2011, na baada yake iliwataka wauzaji wa vijenzi vya kielektroniki waweke akiba ya miezi kadhaa. Uhaba wa vijenzi hivyo ulipoikumba dunia mwanzoni mwa 2021, iliendelea kuunda magari kwa muda wakati washindani wake wakifunga mistari. Akiba si dhambi. Dhambi ni akiba isiyojua inangoja nini.

Je, wajua kwamba Rwanda ilipunguza damu inayoharibika kwa kuiondoa kwenye friji za hospitali?

Chembe sahani za damu hudumu siku 5 hivi tu, na chembe nyekundu wiki chache. Hospitali ya wilaya iliyo milimani, ambako gari huchukua saa nyingi, ililazimika kujiwekea akiba ya kila kundi la damu kwa hofu ya mama atakayetokwa na damu usiku wa manane. Nyingi ilipita muda bila kutumika, damu ya watu waliojitolea. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kurusha ndege zisizo na rubani kutoka kituo cha Muhanga. Daktari anatuma ombi, boksi linapakiwa, ndege inapaa, na kwa muda mfupi boksi linadondoka na mwavuli mdogo kwenye uwanja wa hospitali.

Watu wengi hustaajabia ndege. Mimi nastaajabia ghala. Akiba iliyokuwa imetawanyika kwenye friji nyingi ilikusanywa mahali pamoja, ikagawiwa kwa anayehitaji kwa saa ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupita muda katika hospitali zilizohusika ilipungua kwa asilimia 67.

Hata hivyo, ufanisi peke yake hauokoi mazingira. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa kidogo zaidi hazikupunguza matumizi ya makaa ya mawe nchini mwake. Ziliyaongeza, kwa kuwa nguvu ya mvuke ilikuwa rahisi na kila kiwanda kikaitaka. Lori linalokula mafuta kidogo likimfanya tajiri anunue mengine kumi, anga haijapata nafuu yoyote. Ndiyo maana kampuni inayojisifu kwa kupunguza mafuta kwa kila tani ya mzigo inapaswa kuulizwa pia swali la pili: jumla ya mafuta mliyochoma mwaka huu ni kiasi gani, na mwaka jana je?

Je, wajua kwamba dumuzi anaweza kuuawa bila dawa yoyote?

Dumuzi ni mdudu mgeni. Alitoka Amerika ya Kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameshatambuliwa Tabora akigeuza mahindi ya wakulima kuwa unga ndani ya vihenge. Mahindi yaliyoliwa na mdudu yameshakula mvua, mbolea na miezi ya palizi, na mkulima anayemwogopa huyauza yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kisha hununua unga kwa bei ya juu miezi ya njaa. Hilo nalo ni suala la uendeshaji, la stoo ya nyumbani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakifanya kazi na wakulima wa kunde Kameruni walitengeneza mfuko wenye tabaka tatu, unaouzwa siku hizi katika maduka mengi ya pembejeo ya Kenya, Tanzania na Uganda kwa jina la PICS. Tabaka mbili za ndani ni plastiki nene, la nje ni kiroba cha kawaida. Ukishafungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza oksijeni iliyobaki, huacha kula, kisha hufa. Hakuna dawa inayochanganywa na chakula cha watoto.

Kama una mahindi ya msimu huu bado yanasubiri kufungwa, yapime kwanza. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika moja, uache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isiposhika, jaza mfuko, kamua hewa kwa mikono, sokota na ufunge tabaka moja baada ya jingine kuanzia la ndani, uuweke juu ya mbao mbali na ukuta, na usiufungue mara kwa mara.